Mwanafunzi Wangu Ni Mama

Uyole, Mbeya
18 Februari 2024

Dada Juliana,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, kaa chini, maana novisi akianguka kwa mshangao watawa watasema mdogo wake kamroga. Ni hivi: ukisikia Chuo Kikuu kimefungwa, usiulize sababu. Maprofesa wote wamepanda basi, wanakuja Uyole kujifunza kwangu namna ya kufundisha. Mimi Kasian, Form Two, tena Form Two yenyewe niliiacha ikiwa bado inanidai miezi, ndiye mwalimu bora kuliko wote kuanzia Tunduma mpaka Makambako. Mbele ya Makambako sijafika, nisiseme uongo.

Barua yako kondakta aliileta mpaka kwenye meza yangu ya mitumba. Jioni nikamsomea Mama akimenya viazi. Sasa niambie vizuri: wenzako wanalima bustani ya shirika, wewe kazi yako ni kukaa na yule bibi mtawa wa Polandi, Sista Faustina, anakusomea magazeti ya mji wao mdogo ya miaka mia na zaidi, na wewe unayaandika kwa Kiswahili? Hiyo ni novisiati ya kujifunza utawa au ofisi? Na hao Wapolandi nao wana mambo! Gazeti zima hakuna mpira, hakuna msanii aliyeachana na mkewe. Ni kushauriana tu: someni, acheni pombe, fugeni nyuki, msiwafungie binti zenu.

Ila lile la mwandishi aliyesema kwamba asiyemfundisha mtu wa jikoni kwake asijisumbue kukihubiria kijiji, limenichoma. Umelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Unafikiri sijui unamsema nani?

Basi nimekubali. Simu mmenyang'anywa, kuja nyumbani huruhusiwi mpaka mwaka uishe, Baba hayupo, na Mama hajui a wala be. Nitamfundisha mimi. Kabla ya Mei kwisha utapata barua yake kwa mkono wake mwenyewe. Nimeshawatangazia sokoni Mwanjelwa, nimewatangazia jumuiya, hata padri nimemwambia. Sasa kurudi nyuma siwezi.

Mdogo wako,
Mwalimu Kasian
Kitivo cha Jikoni, Uyole


Iringa
3 Machi 2024

Mdogo wangu Kasian,

Marahaba, Mwalimu. Nimecheka kanisani kwa ajili yako, Mungu anisamehe mimi na akusamehe wewe.

Nimemsomea Sista Faustina barua yako. Amesema, "Huyu angeishi kwetu zamani, angekuwa mhariri." Sina hakika kama ni sifa. Kisha akafungua gazeti lingine, nami nikakuandikia hili, lishike.

Kulikuwa na fundi viatu aliyewaandikia wale wa gazeti. Mkewe alikuwa mtu mzima, anaona aibu kushika kalamu mbele ya watoto. Fundi akatandaza unga kwenye ubao wa kukandia mkate, akamshika mkewe kidole, wakaandika pamoja. Alisema uzuri wa unga ni kwamba kosa ukilipangusa halipo tena, hakuna aliyeliona. Jaribu hivyo. Mama ana aibu ile ile.

Lakini si wote waliopenda mambo hayo. Mwenye shamba mmoja alilalamika kwamba mkulima akijua kusoma ataacha jembe. Mhariri akamjibu: "Wewe unasoma, mbona kula hujaacha?"

Wanasema pia watoto waliohama waandike nyumbani kwa herufi kubwa, kwa sababu mtu hujifunza haraka kama kuna kitu chake kinakuja njiani. Ndiyo maana naandika hivi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwonyeshe.

Kasian, nikuambie jambo usilifanyie utani. Siku nilipokuja huku, Mama alitakiwa kutia sahihi kukubali nijiunge. Aliweka dole gumba mbele ya wazazi wengine, kisha akakificha kidole kwenye kanga mpaka tunaagana. Sijamsahau alivyosimama. Mstari mmoja tu kwa mkono wake, mimi sitaomba kingine.

Dada yako,
Juliana


Uyole
7 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Huyo fundi viatu apewe barabara hapa Mbeya, iitwe jina lake! Unga umefanya maajabu. Wiki tatu tu, Mama kamaliza herufi zote. Anafumba macho kabisa, kidole kwenye sinia, anaandika jina lake ATUGANILE mpaka mwisho, halafu ananiangalia kama kashinda uchaguzi. Jirani yetu mama Sekela kaja kutazama, kaondoka anasema na yeye anataka.

Shida ni karatasi. Mwee! Nikimpa daftari anakuwa mtu mwingine. Analigeuza upande, analiinua mpaka puani, analishusha. Anasema, "Kasian, hapa katikati ipo, pembeni haipo. Mstari wako unakatika."

Nikamwambia, "Mama, mstari haukatiki, ni wewe unaukata. Kwenye unga unajua, kwenye karatasi hujui? Huo ni ubishi."

"Labda kalamu yako haina wino."

"Wino upo mpaka wa kupaka viatu!"

Nilicheka sana. Yeye hakucheka, alirudi kwenye viazi vyake.

Uzee nao unamfanya mzembe siku hizi. Chai anamimina nje ya kikombe. Juzi kagonga bega kwenye mwimo wa mlango ule ule anaopita tangu tuzaliwe, nikamwuliza kama mlango umehamia leo. Ghalani kwenye kibarua chake wamemwambia apumzike kuchambua maharage, eti mawe yanampita. Mimi nimefurahi, sasa nina mwanafunzi wa kutwa.

Usihofu. Karatasi nayo itamkubali. Nilisema Mei, ni Mei.

Mwalimu Kasian


28 APRILI
UYOLE

MWANANGU JULIANA
MIMI NI MAMA YAKO ATUGANILE. NAANDIKA MWENYEWE. NAJUA KUSOMA SASA. KASIAN NI MWALIMU MZURI SANA HAPIGI WALA HAGOMBI. MUOMBEE KWA MUNGU APATE VIATU NAMBA 42. MIMI SIJAMBO. TUMEKULA MAHINDI MABICHI. NDAGA FIJO, ASANTE SANA.
MAMA YAKO MZAZI


Iringa
12 Mei 2024

Mama yangu mpendwa, na Kasian,

Shikamoo, Mama. Sijui nianzie wapi. Niliifungua barua yako bustanini, nikakaa chini kwenye matuta ya kabichi. Mvua ilikuwa inaanza, nikaificha ndani ya gauni isilowe. Jioni mlezi wetu aliniruhusu niwasomee manovisi wote. Walipiga makofi, Mama. Wengine walilia, maana mama zao pia hawajui. Sista Faustina aliomba aishike. Akasema katika magazeti yake yote watu walishauriana tu, hii ndiyo mara ya kwanza anaona jibu la aliyefundishwa.

(Kasian, hiyo namba ya kiatu Mama kaijulia wapi? Naona mwalimu alikuwa ananong'ona. Nimekusamehe.)

Sasa nisikilizeni wote wawili. Sista Faustina ameniuliza mara tatu kuhusu ile karatasi iliyogeuzwa upande. Anasema mtu anayeandika vizuri kwenye unga akiwa amefumba macho, kisha kwenye karatasi anasema pembeni hapaonekani, huyo si mbishi. Tazameni macho yake. Na ile chai, na mlango, na mawe ya ghalani. Nimeyaweka pamoja, na sasa siwezi kulala.

Julai wiki ya kwanza madaktari wa macho watapiga kambi hapa kwenye zahanati yetu. Ni bure, na nauli ya Mama, mlezi amekubali shirika liitoe. Kasian, mlete. Mimi ndiye nitakayeandikisha wagonjwa mlangoni, kwa hiyo nitamwona Mama bila kuvunja kanuni. Nitampa barua yake mwenyewe anisomee.

Mama, usikatae. Macho hayasubiri.

Binti yako,
Juliana


9 JUNI
UYOLE

MWANANGU JULIANA
NIMESOMA BARUA YAKO MWENYEWE MPAKA MWISHO. MACHO YANGU NI MAZIMA. ILIKUWA KALAMU MBAYA. SASA KASIAN KANUNUA NYINGINE NAONA MPAKA SISIMIZI. SITAKUJA KAMBI MSIMU HUU NINA KAZI YA SHAMBA. WAPE NAFASI WAGONJWA. USIWE NA WASIWASI USALI TU.
MAMA YAKO MZAZI

(Dada, umemsikia mwenyewe. Nimembembeleza mpaka nikachoka, unamjua Mama. Mambo ni moto huku, mama Sekela naye kaanza herufi. Nikipata wa tatu nafungua tawi. K.)


Iringa
21 Julai 2024

Mama na Kasian,

Shikamoo, Mama. Kambi imekwisha. Nilikaa mlangoni siku zote, na kila aliposhuka mama mwenye kanga ya bluu kama yako nilisimama. Wengi walitoka Mafinga na Ilula. Mmoja alitoka mbali zaidi yako, Mama, ameshikwa mkono na mjukuu.

Lakini kwa kuwa umeniandikia mwenyewe, nimetulia. Mtu mwingine angeniambia kwa niaba yako nisingemwamini. Nilikuwa tayari kumwomba mlezi nije nyumbani nihakikishe, na angenikubalia. Nimeacha. Nimesema, Mama amesema.

Sista Faustina akafungua sanduku la magazeti. Tumeendelea na gazeti la kikapu. Katika mji ule walikuwa na kikapu cha vitabu kilichohama nyumba hadi nyumba kila Jumapili. Anayekipokea anawe mikono kwanza. Nikimaliza malezi nitaanzisha kikapu kama hicho, na nyumba ya kwanza itakuwa yetu.

Niandikie, Mama. Hata mstari.

Juliana


Uyole
13 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, biashara ilinibana. Mwalimu naye ni mfanyabiashara.

Usishtuke. Mama alianguka kwenye mtaro wa barabarani, akitoka jumuiya. Ni mchana, jua linawaka. Anasema alijua kuna njia. Mkono umevunjika, wamefunga plasta, unapona. Mjomba Joachim ndiye aliyempeleka hospitali, mimi nilikuwa sokoni.

Huko wakampima na macho. Wanasema ni presha ya macho. La kushoto halioni tena. La kulia kama mtu anachungulia kwenye bomba, na hilo nalo linaziba. Wamempa dawa ya kudondoshea. Nilimwuliza daktari, hiyo dawa itarudisha lini? Akasema hairudishi, inalinda kilichobaki. Nikamwuliza, kwani kimebaki nini? Akaandika tarehe ya kurudi kliniki.

Mjomba anasema atampigia simu mlezi wenu akuruhusu. Kama utakuja, mimi huenda nisiwepo. Kuna marobota ya nguo nafuata Tunduma.

Kasian


Iringa
10 Novemba 2024

Kasian,

Hukuwepo. Siku mbili nilizoruhusiwa zimekwisha na wewe upo Tunduma na marobota yako.

Nakuandikia wewe kwa sababu Mama siwezi kumwandikia, na sababu si macho yake.

Nilimkuta amekaa mlangoni, kanga imegeuzwa ndani nje. Aliniita jina kabla sijasema kitu, akanishika uso wote kwa mkono ule mzima. Tulilia. Sista Evarista aliyenisindikiza naye alilia. Hapo nilikuwa bado namhurumia tu.

Kisha nikazitoa barua zake. Nilikwenda nazo, ninazo siku zote. Nikazitandika mapajani mwake nikamwambia, "Mama, uliniandikia macho yako ni mazima. Umeandika unaona mpaka sisimizi. Kwa nini?" Alizipapasa karatasi zile taratibu, akazikunja, akanirudishia. Nikamwuliza habari ya kambi ya macho, akasema, "Kambi gani, mwanangu?" Kambi gani! Nilikaa mlangoni pale nikimsubiri, na yeye ananiuliza kambi gani.

Nilipaza sauti, Kasian. Sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa Mama. Sista Evarista akatoka nje. Na Mama akasema, "Nisamehe, Juliana." Basi. Hakueleza.

Niliondoka bila kumshika mkono. Alikuwa ameunyosha, nikajifanya nafunga begi. Na yeye hakujua kama nipo au nimeshatoka, akabaki ameunyosha.

Mlezi ameniuliza kama niko tayari kufunga nadhiri Januari. Nimemwambia hapana. Nitasimamaje altareni na hasira juu ya mama yangu mzazi? Nimeshaungama mara mbili, haitoki. Ningeweza kumsamehe ugonjwa, umaskini, chochote. Lakini ameniandikia uongo kwa mkono ule ule niliouombea usiku na mchana.

Magazeti tumeyarudisha sandukuni. Sista Faustina anasema wale watu walijua mengi, ila hakuna aliyeandika mtu afanye nini akidanganywa na mama yake.

Wewe ulikuwa naye kila siku. Kama unajua sababu, niambie.

Juliana


Uyole
17 Novemba 2024

Dada Juliana,

Shikamoo.

Mama hakukudanganya. Mama hajawahi kukuandikia, hata barua moja.

Niliandika mimi, zote mbili, kwa mkono wa kushoto, juu ya meza ya mitumba. Ya kwanza niliona inachekesha. Mei ilikuwa inakaribia, nilishatangaza kila mahali, na Mama kwenye karatasi hajashika hata herufi. Nikasema nitamwandikia hii moja tu, halafu akishajua ataandika mwenyewe, hakuna atakayejua. Ukaja kunijibu walivyopiga makofi.

Ya pili sikucheka. Ungempa barua asome pale mlangoni, mbele ya manovisi na madaktari, na angesema, "Barua gani hii?" Nilikaa nikaliona hilo tu. Macho yake sikuyaona. Naapa nilidhani ni uzee, nilidhani kambi nyingine itakuja.

Nimemwuliza Mama kwa nini alinyamaza wakati unamgombeza. Alikuwa anasonga ugali kwa kupapasa, mama Sekela kamshikia sufuria. Akasema, "Mimi sijaandika. Ni nani mwingine kama si wewe? Ningesema nini mbele ya sista mgeni, kwamba nimezaa mwongo? Mwache anikasirikie mimi. Mimi ni mama yake, kwangu atarudi. Akikukasirikia wewe, siku nikiondoka utabaki na nani?"

Hajanigombeza. Nilitaka anigombeze. Kanitengea chakula.

Kwa hiyo hasira yako ihamishe, ilete huku. Mama hana kosa hata dogo. Alijifunza herufi zote ulizotaka ajifunze, na mimi nikamwita mbishi, nikamcheka akiniambia ukweli wake, kwamba pembeni haipo. Funga nadhiri zako au usifunge, hilo ni lako na Mungu wako, lakini njoo umshike huo mkono. Nitakuwepo. Unipige mbele ya watawa kama unataka.

Kuna jambo moja Mama ameniuliza juzi, nikamjibu sijui. Aliuliza, "Hiyo kambi ya macho aliyoisema Juliana ni ipi?"

Barua yako ya Mei nilimsomea jioni ile ile ilipofika. Alikaa karibu na moto, kaweka viazi pembeni ili asikie vizuri. Nilisoma shikamoo. Nilisoma habari ya kabichi na mvua, bila kutaja barua wala makofi. Halafu nikafika pale ulipoandika macho, na kambi, na nauli, na kwamba utamsubiri mlangoni. Nilipasoma pote kimoyomoyo, nikakunja karatasi.

Mama akasema, "Ndiyo hayo tu? Hajaniuliza mimi?"

Nikamwambia ndiyo hayo tu, Mama.

Kasian